Kumi na Nane ya Alhamisi

Jumatano iliyopita tulimuaga Sista Mutheu, nesi aliyetufundisha kazi, katika kanisa lake huko Dagoretti, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Machakos. Baada ya ibada tulikaribishwa chai chini ya hema, na sisi tuliosoma uuguzi pamoja tukajikuta meza moja bila kupangwa. Tulikuwa sita. Zamani zile tulikuwa vijana wembamba wa sare za samawati. Sasa huyu ana kitambi, yule ana vidonge vya presha kwenye mkoba, na mimi nywele zangu zinahesabika. Tukala mandazi, tukaulizana habari za watoto, na kama kawaida yetu kila tukutanapo, Tabitha akaanza kusimulia kisa changu. "Mnakumbuka vile Sista alimtoa Redio wodini juu ya kuimba?" Redio ndilo jina nililopewa mwaka ule. Akaeleza jinsi nilivyokuwa nikimwimbia mgonjwa mmoja Kalasinga huku nikihesabu pumzi zake, jinsi yule mzee alivyokuwa akipumua kwa kufuata wimbo, na jinsi Sista alivyonifukuza wodini muhula mzima, eti kosa langu ni kumsifu Mungu kitandani pa mtu. Meza ikacheka mpaka vikombe vikatikisika. Hata mimi nilicheka.

Binti mdogo wa Sista ndiye aliyekuwa akitumiminia chai. Akasimama na birika mkononi, akauliza, "Kwani Mum alikuwa mkali hivyo?" Kiprono, niliyeishi naye chumba kimoja siku hizo, akamjibu, "Mamako? Alikuwa moto wa kuotea mbali!" Kikazuka kicheko kingine. Yule binti akatabasamu kwa adabu, akaenda kuhudumia meza nyingine. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, nami nikatia mdomo kikombeni. Kisa anachosimulia Tabitha ni cha kweli karibu chote. Niliimba, mgonjwa akakaribia kufa, nikatolewa wodini. Kinachokosekana ni namba moja, kumi na nane, niliyoiandika kwenye chati Alhamisi moja saa nane mchana. Waliojua habari zake walikuwa wachache. Mzee mwenyewe alifariki miaka mingi baadaye kwa uzee wake, binti yake alihamia ng'ambo kwa wanawe, mkuu wetu wa idara alitangulia mbele ya haki, na Sista Mutheu alikuwa ndani ya jeneza, hatua chache kutoka pale nilipokuwa nikicheka. Nimebaki mimi. Nimeona haya, na haya hiyo haijanitoka tangu Jumatano, kwa hiyo nimekaa kuandika.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mimi na Kiprono tulipanga chumba Kabiria, ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Kilikuwa chumba cha vitanda viwili, stovu moja ya mafuta ya taa, na dirisha lililotazama kamba za nguo za jirani. Sakafu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba tuliyasikia mazungumzo yote ya chini, na nadhani walisikia yetu. Jioni moja tulimsikia kinyozi akijigamba kwa mteja, "Hao wa hapo juu ni madaktari." Mteja akauliza, "Madaktari gani wanakula githeri siku saba?" Kinyozi akafikiri kidogo. "Basi ni manesi." Kiprono alicheka hadi akaanguka kutoka kitandani. Lakini githeri, yaani mahindi na maharagwe yetu, haikuwa siku saba, nataka hilo lieleweke. Jumamosi tulikula matumbo, maana machinjioni Dagoretti hapakuwa mbali, na matumbo yalikuwa ya bei rahisi, na Kiprono alijua kuyasafisha mpaka yakawa meupe. Alikuwa na ugali wake mgumu ambao ungeweza kufungia mlango. Nimekula kwenye hoteli za Westlands tangu wakati huo, tena kwa vitambaa vyeupe mapajani, na sijawahi kushiba kama nilivyoshiba kwenye kile chumba.

Chuo chetu kilikuwa cha kanisa, na kilituruhusu sisi wa uuguzi kuchukua somo la pili. Wengi walichukua mambo ya uongozi. Mimi na Tabitha tulichukua masomo ya ibada. Watu hudhani hayo ni kuimba tu, lakini tulifundishwa mengi: kupanga ibada toka mwanzo hadi mwisho, kumsoma mtu aliye mbele yako, kujua wakati wa kuimba na wakati wa kunyamaza. Kwenye kunyamaza nilipata alama ndogo. Sauti nilikuwa nayo, na nilijua ninayo, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ugonjwa wangu. Mwalimu wa muziki alinichagua kuongoza kwaya siku ya Pasaka, katika kanisa kubwa katikati ya jiji, lile lenye kinanda cha mabomba na viti vya mbao vinavyong'aa. Nilitembea mitaani Kabiria nikiwa nimeshachaguliwa. Mama muuza mboga aliniuliza kama nimepata kazi.

Hospitali tuliyofanyia mazoezi ilitenganishwa na chuo kwa ua wa michongoma tu. Ilikuwa hospitali ya misheni iliyosifika kwa kutengeneza mifupa, kwa hiyo ililaza watu wa kila namna, kuanzia mchinjaji wa Dagoretti hadi tajiri wa Kitisuru, kila mmoja na mguu wake umeninginia. Sista Mutheu alikuwa msimamizi wa wodi ya wanaume na ndiye aliyetusahihisha sisi wanafunzi. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye viatu visivyotoa sauti. Kitu cha kwanza alichotufundisha kilikuwa kuhesabu pumzi. "Pumzi haziombwi," alisema, "huibiwa. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, atakupa pumzi za wageni." Kwa hiyo unamshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo ya moyo, kisha kimyakimya macho yako yanahamia kifuani, na unahesabu dakika nzima. Si robo dakika halafu uzidishe. Dakika nzima, kwa saa. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara kumi na mbili hadi ishirini. Akizidi hapo sana, kuna jambo. Sista aliamini kwamba kifua husema mapema kuliko mdomo, na kwamba nesi asiyehesabu pumzi ni mtu aliyevaa sare tu.

Mimi nikajiona mjanja zaidi yake. Niliona wagonjwa wakikodoa macho nikiwashika mkono, wakiuliza, "Iko sawa, daktari?" Basi nikawa naimba polepole huku nahesabu, wimbo wowote wa kanisani, ili wasahau. Wodi ilipenda. Ndipo wakaniita Redio. Mchinjaji mmoja wa kitanda cha pili alikuwa akiniagiza nyimbo kama yuko barazani. Sista alinitazama siku ya kwanza, akasema, "Imba, lakini macho yakae kifuani." Nilichukulia hiyo kuwa sifa.

Mzee Balwant alilazwa kitanda cha tano, karibu na dirisha. Alikuwa na miaka themanini hivi, fundi wa mbao aliyestaafu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri na kilemba chake cha buluu hakimtoki hata akiwa amelala chali. Alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, akapasuliwa, sasa alikuwa akingoja kupona. Mara ya kwanza nilipomwimbia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Wewe kijana, hiyo wimbo yako nakimbia wapi? Iko na gari ya kushika?" Nilikasirika kidogo. Nikamuuliza yeye anajua nini habari za nyimbo. Akainua mikono, akacheza vidole hewani, na mkono mwingine ukawa unasukuma na kuvuta kitu kisichoonekana. Miaka arobaini alikuwa akipiga kinanda cha mkono kwenye gurdwara, nyumba yao ya ibada. "Pumzi kwanza," akasema, "sauti nyuma. Hapa, chini," akagusa tumbo. Basi ikawa kila nikienda kwake ananifundisha. Mimi naimba wimbo wangu wa Kikristo, yeye ananguruma chini yake kwa sauti moja ndefu, na kila nimalizapo mstari anavuta pumzi pamoja nami. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kupumua vizuri kuliko yeye. Binti yake Jasbir, mama wa makamo, alikuwa akija mchana kutoka Kitisuru na vyakula kwenye bakuli za chuma zilizopangana, na chapati laini zilizofungwa kitambaani. Aliniachia mbili kila siku, akisema, "Kula, wewe umekonda kama msumari." Nilikuwa nikizila kwenye chumba cha mashuka, nimesimama.

Jumanne mgonjwa wa kitanda cha nne alihamishwa. Mzee Balwant akaniuliza, "Yule alienda wapi?" Nikamwambia amepelekwa wodi nyingine. "Juu ya nini? Mguu yake ilikuwa mzuri." Nami, mdomo wangu hauna mlango, nikasema, "Kifua, mzee. Pumzi zake zilikuwa mbaya." Kesho yake tukasikia wasafishaji wakisema kwenye korido kwamba yule mtu ameaga. Waliongea kwa sauti ya chini, lakini wodi nzima ilisikia. Mzee Balwant aligeuza uso dirishani na hakumaliza dengu zake. Jumatano hiyo nilihesabu pumzi zake mara tatu, nikiimba: kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Nilifurahi. Nikaona huyu mzee ana kifua cha chuma.

Alhamisi saa nane mchana nilikuwa na wagonjwa wanane wa kupima, na saa nane na nusu mazoezi ya kwaya. Wagonjwa saba nikawamaliza. Mzee Balwant nilimwacha mwisho makusudi, kwa sababu nilipenda kumaliza na yeye, na nikamkuta amelala. Mdomo ulikuwa wazi, kichwa kimeinuliwa kwa mito. Nilimpima joto kwapani, lilikuwa la kawaida, lakini wazee wengi hupata ugonjwa wa mapafu bila homa, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na kulijibu kwenye mtihani. Nilimshika mkono, nikahesabu mapigo. Kisha Tabitha akachungulia mlangoni. "Redio, twende! Mwalimu ashafika, na hatutaanza bila wewe." Hatutaanza bila wewe. Nikatazama saa, nikamtazama mzee. Nikisema leo kwamba sikuona kitu, nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Niliona blanketi likipanda na kushuka haraka haraka. Nikajiambia anaota. Nikaegemeza chati pajani, nikaandika kumi na nane, nikatia herufi mbili za mwanzo wa majina yangu, nikapita kwenye ua wa michongoma nikikimbia. Mazoezi siku ile yalikuwa mazuri kuliko siku zote.

Ijumaa asubuhi nilikuta mapazia yamezungushwa kitanda cha tano na mtungi wa oksijeni umesimama kando. Sista Mutheu alikuwa amefika kabla ya mapambazuko kama desturi yake. Alikaa kitanda cha nne kilichokuwa wazi, akijifanya anakunja bendeji, na akaziiba pumzi za mzee akiwa usingizini. Alihesabu thelathini na nne. Akarudia, zikawa thelathini na sita. Nimonia, tena pande zote mbili. Nilisimama nje ya pazia nikisikia daktari akitoa maagizo na mzee akikohoa. Jasbir alikuja mbio na viatu visivyofanana miguuni. Nilisali. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu niliahidi mambo mengi.

Mchana Sista akaniita mezani na chati. Kumi na nane zangu zilipangana pale, na chini yake kumi na nane ya nesi wa usiku, aliyeona safu nzuri akaifuata. "Nieleze," akasema. Nikaeleza ninavyoimba, na mzee anavyovuta pumzi na mstari wa wimbo. Nilikuwa nikilijua jambo hilo siku zote na sikuwahi kuliwaza. Sista akaniambia niimbe wimbo niliomwimbia mzee, akatazama saa yake akihesabu mistari. Kumi na nane kwa dakika. "Mungu wangu," akasema, "kumbe ulikuwa unahesabu wimbo." Daktari aliyekuwa akiandika hapo karibu akatikisa kichwa akicheka, akasema kisa hicho lazima akisimulie nyumbani. Kuanzia siku hiyo, Sista akaamuru, hakuna kuimba wakati wa kuhesabu. Yakaishia hapo. Nilisamehewa. Kufikia jioni Tabitha alishakipeleka kisa hosteli zote, na wasichana nisiowajua walikuwa wakiniambia, "Pole Redio, si makosa yako." Hakuna aliyeuliza habari za Alhamisi, maana kwenye chati Alhamisi ilifanana na siku nyingine.

Jumamosi tulikwenda mjini kufanya mazoezi ndani ya kanisa lenyewe. Wachuuzi walikuwa wakitangaza soksi nje ya madirisha ya vioo vya rangi, na sauti zao ziliingia katikati ya nyimbo zetu. Nilidhani nitashindwa kuimba. Labda nilitaka nishindwe. Wapi! Niliimba vizuri. Sauti ilitoka chini, kutoka tumboni, vilevile nilivyofundishwa na mtu aliyekuwa amelala na mrija puani, na watu wawili kwenye viti vya nyuma walifuta machozi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliona kwamba naweza kuishi hivi. Naweza kuwa nesi, na kuimba, na kusifiwa, na hilo jambo likakaa ndani kimya mpaka nizeeke. Usiku Kiprono alinipakulia matumbo, akaona sili, akasema, "Buda, mzee atapona. Nimepita wodini, anaendelea poa." Nikamwambia najua. Nilitaka kumweleza na sikumweleza, na mpaka leo sijamweleza.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Sista kwenye chumba cha mashuka, akipanga foronya. Nilikuwa nimetunga maneno marefu njiani, yote yakanikimbia. Nikasema, "Sista, ile ya Alhamisi saa nane sikuhesabu."

Hakugeuka. "Ilikuwa ngapi?"

"Sijui, Sista. Niliandika tu."

"Mbona unaniambia? Hakuna mtu amekuuliza."

"Kwa sababu alikuwa amelala. Sikuimba. Ningehesabu siku hiyo ningeona."

Aliweka foronya chini. Akakaa juu ya robota la mashuka, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amekaa akiwa zamu isipokuwa kwa kazi. Nikaanza kulia, na sikujali nani ananisikia. "Ile ya wimbo nilikusamehe kwa sababu hukujua," akasema. "Hii ulijua."

"Ndiyo, Sista."

"Ulienda wapi?"

"Kwaya."

Akafumba macho. Nilidhani anasali, labda alikuwa anazuia mkono wake.

Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mwanafunzi anayebuni namba kwenye chati anafukuzwa, hana nafasi ya pili. Niliandika barua mimi mwenyewe kwa mkuu wa idara, na siku ya kujadiliwa nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, mlango haujafungika vizuri. Nilimsikia mkuu akisema sheria ni sheria. Kisha sauti ya Sista, "Huyu amejileta mwenyewe. Nikimpoteza huyu, nitabaki na wale wasiojileta." Mkuu akauliza nani atamsimamia mtu kama huyo. "Mimi. Atarudia wodi zote likizo ndefu, kutoka mwanzo, na nitakuwa naye kila siku." Mkuu akamkumbusha kwamba hiyo ndiyo likizo yake, aliyoomba tangu mwaka uliotangulia kwenda kujenga kwao. "Nyumba itangoja," Sista akasema. Alipotoka aliniambia nimeondolewa wodini hadi mwisho wa muhula, na kwenye kwaya ya Pasaka pia. Nikamuuliza wenzangu atawaambiaje. Akasema hatawaambia chochote, wataona mimi narudia, basi. Nikamwambia watadhani ni kwa ajili ya kuimba, watamwona mbaya. "Wakijua, Obadia, watakuita mwongo mpaka ukiwa babu," akasema. "Wacha waniite mimi mkali. Nimezoea." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Pasaka Tabitha aliongoza kwaya, nami nilikaa nyuma kabisa, na likizo yote Sista Mutheu alinitembeza kitanda kwa kitanda, mimi nahesabu, yeye anahesabu, bila kuinua sauti hata mara moja. Mwanamke huyo nimemwacha achekwe na watu kwa kosa langu miaka yote hii. Binti yake aliuliza kama mama yake alikuwa mkali hivyo. Hapana, mwanangu. Nitakuja nyumbani kwenu nikwambie, na karatasi hizi nitazileta.

Lakini ofisi na barua zilikuja baadaye. Jumatatu ile, kabla sijakauka machozi, Sista alinishika kiwiko akanipeleka kitanda cha tano. Mzee Balwant alikuwa ameketishwa kwa mito, mrija bado puani, uso umepata rangi. Jasbir alikuwa akimlisha uji. "Huyu kijana ana neno," Sista akasema, akasogea pembeni. Nikawaeleza kwa sauti ya chini, kwa maneno mafupi, namba na kwaya na yote. Jasbir akaweka bakuli chini kwa nguvu. "Mimi nilikuwa nakupa chapati," akasema. "Kila siku! Na kama Sista hangekuja mapema, Papa angekuwa wapi saa hii?" Hakunisamehe siku ile, na nilimheshimu kwa hilo. Mzee ndiye aliyeinua mkono. "Jasbir, wacha," akasema, akipumzika kila maneno matatu. "Mimi pia nilidanganya yeye. Yule ya kitanda ya nne alienda na pumzi mbaya. Nikasema, mimi hapana. Kijana akikuja, nashika pumzi, natembea na wimbo yake polepole. Akienda, nakufa huku peke yangu." Akakohoa, akashika ubavu. "Lakini Alhamisi mimi nilikuwa nalala. Hiyo ni yako."

"Hiyo ni yangu, mzee."

Sista akanipa chati na kalamu. Kwenye kazi yetu namba iliyokosewa haifutwi. Unapiga mstari mmoja juu yake, mwembamba, ili kila atakayekuja aweze kuisoma. Nikapiga mstari juu ya kumi na nane ya Alhamisi, kando yake nikaandika haikuhesabiwa, nikaandika jina langu lote, si herufi mbili. Mwandiko ukawa kama wa mtoto wa chekechea. "Sasa hesabu," Sista akasema. Nilimtazama kana kwamba amenitania. Hakuwa ananitania.

Nilimshika mzee kifundo cha mkono. Alijua ninachofanya, na kuiba hakukuwezekana tena. Akamgeukia binti yake. "Jasbir, sema kitu, nisahau huyu." Jasbir, bado amekunja uso, akaanza kuongea kwa Kipunjabi, na kutokana na mikono yake nilielewa ni habari ya bomba la maji lililopasuka na fundi asiyekuja. Mzee akasikiliza, akasonya, akauliza swali. Kifua chake kikaacha kujikaza. Kilipanda na kushuka kwa tabu, bila mpangilio, mara pumzi mbili fupi, mara moja ndefu, hakuna wimbo duniani ambao ungelingana nacho. Sikuondoa macho. Mshale wa sekunde ulizunguka wote mpaka ulipoanzia.

"Ishirini na sita," nikasema.

Sista Mutheu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, saa yake mkononi. Akaishusha.

"Hata mimi," akasema. "Andika."